Kushona na Kuvaa Vazi la Haramia wa Karne ya 18 kwa Maonyesho ya Tamasha: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayorudi kila msimu wa matamasha ni yaleyale. Shati limechanika kwapani kabla onyesho halijafika nusu. Suruali imeachia msambani mara tu haramia alipopandisha mguu juu ya pipa. Kofia imedondoka katikati ya mapigano, na picha zilipotoka vazi zima lilikuwa liking'aa kama karatasi ya kufungia zawadi.

Chanzo huwa kimoja: vazi lilianzia kwenye mapambo. Mtu hununua buti ndefu, kiraka cha jicho na upanga wa plastiki, ndipo atafute nguo za kuvaa navyo. Fanya kinyume. Shati na suruali vya kitambaa cha asili, vilivyokatwa kwa mistari iliyonyooka na kuachiwa nafasi kwapani na msambani, ndivyo vinavyobeba vazi zima. Hata ukiishia hapo, utaonekana haramia kuliko mwenye buti.

Tunayemvisha hapa ni haramia wa Karibi na Atlantiki wa kati ya 1715 na 1725. Wengi wao walitoka kwenye meli za biashara na za kivita, kwa hiyo walivaa kama mabaharia. Vipimo vilivyotolewa ni vya mtu mwenye kifua cha sm 100, kiuno cha sm 90 na shingo ya sm 40. Namna ya kuvibadilisha imeelezwa panapohusika.

## Vitu vya kuandaa

- Kitani chepesi au pamba tupu kwa shati: mita 2.5, upana wa sm 150. Nyeupe isiyokolea, au mirabaraba ya buluu na nyeupe.
- Kitani kizito au turubai laini ya pamba kwa suruali: mita 1.75, upana wa sm 150. Kahawia, kijivu, buluu iliyopauka, au mistari.
- Koti kuukuu la sufu, au mita 1.5 za sufu, kwa kizibao.
- Uzi wa pamba au wa kitani, na kipande cha nta ya nyuki.
- Vifungo: 3 vya shati, 5 vya suruali, na hadi 18 vidogo vya shaba ya njano kwa kizibao.
- Soksi ndefu zinazopita goti, na tepe mbili za kuzifungia.
- Kitambaa cha mraba cha sm 80 kwa shingo au kichwa.
- Cherehani (si lazima), mkasi mkali, chaki, pini, utepe wa kupimia, pasi.

Usinunue kiatu wala silaha mpaka ufike kwenye hatua zake.

## Hatua ya 1: Jaribu kitambaa, kisha kifue

Muuzaji anaweza kukuambia ni pamba, na yeye mwenyewe asijue. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sinki lenye maji, uziwashe. Pamba na kitani hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Jaribio hili si la kutafuta uhalisia tu. Kwenye tamasha kuna mienge, majiko na fataki. Poliesta ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi, na haifyonzi jasho vizuri. Kama ni poliesta, kirudishe dukani.

Kitambaa kilichofaulu kifue kwa maji ya moto, kikaushe na kukipiga pasi kabla ya kukata. Kitani na pamba hunywea, na sentimita 5 kwa kila mita si jambo la ajabu. Wanaoruka hatua hii hupata shati zuri la onyesho la kwanza, na shati la mdogo wao la onyesho la pili.

## Hatua ya 2: Kata shati

Shati lote ni mistatili na miraba. Hakuna mchoro wa kununua. Vipimo vifuatavyo vina sm 1.5 za mshono kila upande:

- Badani: kipande kimoja, upana sm 85, urefu sm 205. Hukunjwa katikati, na kunjo hilo ndilo mabega.
- Mikono: vipande 2, sm 55 kwa sm 55.
- Vikwapa (viraka vya kuachia nafasi kwapani): miraba 2 ya sm 15.
- Vikwapa vya shingo: miraba 2 ya sm 8.
- Kola: sm 47 kwa sm 18 (shingo yako ukijumlisha sm 7).
- Vikofi vya mikono: vipande 2, sm 25 kwa sm 8.

Kwa kifua kikubwa, ongeza upana wa badani kwa nusu ya tofauti: mwenye kifua cha sm 120 akate sm 95. Mikono yake basi ipungue sm 5 kwa urefu, kwa sababu badani pana hushuka zaidi kwenye bega na kuziba sehemu ya mkono.

Sasa shingo, mahali ambapo mashati mengi huharibika. Usikate duara. Kwenye kunjo la mabega tafuta katikati, pima sm 16 kila upande, ukate mstari mmoja ulionyooka wa sm 32. Kisha kutoka katikati shuka sm 25 mbele tu. Utapata umbo la herufi T. Ukitazama utadhani umekosea, maana shingo haionekani kutosha wala kukaa. Mviringo utaletwa na mikunjo na kola. Aliyekata duara hupata shimo linaloteleza hadi begani, na hakuna kola itakayoliokoa.

## Hatua ya 3: Shona shati

Shingo kwanza. Kunja kila mraba wa sm 8 kwa mshazari upate pembetatu, uishone kwenye ncha ya mkato wa bega, moja kulia na moja kushoto. Bila pembetatu hizi ncha za mkato huanza kuchanika siku ya kwanza ya kuvua shati kwa haraka nyuma ya jukwaa. Pinda kingo za mpasuo wa mbele kwa pindo jembamba, na chini kabisa ya mpasuo shona nyuzi kadhaa za kukaza.

Mikunjo. Piga bandi mistari miwili kwa mkono kuzunguka shingo, mishono ya milimita 5, mistari ikiachana milimita 5. Vuta nyuzi zote mbili pamoja mpaka shingo itoshe kola. Bandi ya mkono hutoa mikunjo midogo iliyopangana. Mshono mrefu wa cherehani mara nyingi hukatika ukivutwa na kukurudisha mwanzo. Shona kola nje, ikunje, kisha maliza ndani kwa mkono.

Mikono na vikwapa. Kutoka kunjo la bega weka alama sm 22 mbele na sm 22 nyuma. Vuta mikunjo kidogo juu ya mkono hadi uenee kati ya alama hizo, kisha ushone.

Chukua mraba wa sm 15. Upande wake wa kwanza ushone kwenye ukingo wa mkono, ukianzia kwapani kuelekea kikofi. Upande unaopakana nao ushone kwenye ukingo wa badani, kuanzia kwenye alama kushuka. Unapofika kwenye pembe, simama sm 1.5 kabla ya ukingo, inua sindano, geuza kitambaa, anza upya. Usiupitishe uzi juu ya posho ya mshono (zile sm 1.5 za ukingoni), hata kwa mishono miwili. Mishono hiyo miwili ndiyo hufunga pembe, kitambaa kikajikunyata kama donge dogo kwapani, na donge hilo ndilo huchanika.

Kunja shati begani. Shona mkono kuanzia sm 10 juu ya kikofi, pita pande mbili za kikwapa zilizobaki, teremka ubavuni. Acha sm 22 za chini wazi kila upande ili mapaja yapite. Kila mshono ulaze: punguza posho ya upande mmoja, funika kwa ya upande wa pili, shona tena juu yake. Mshono uliolazwa haufumuki na hauchubui ngozi yenye jasho.

Malizia kwa kuvuta ncha za mikono ziingie kwenye vikofi, kifungo kimoja kila kimoja, na kimoja kwenye kola.

Limefaulu kama: umevaa, umefunga vikofi, umeinua mikono yote juu kabisa, na vikofi vimebaki kwenye vifundo vya mikono bila kukaza popote. Shati lifike katikati ya paja au chini zaidi. Likionekana kubwa mno, liko sawa.

## Hatua ya 4: Suruali pana

Mabaharia walivaa suruali fupi zilizo wazi chini, zikiishia chini kidogo ya goti. Zilitosha kuvaliwa peke yake, au juu ya suruali nyingine kuikinga na uchafu. Kwa jukwaa hakuna vazi bora zaidi.

Kata vipande 2 vya upana wa sm 72 na urefu wa sm 85, mraba mmoja wa sm 18, na vipande 2 vya mkanda wa kiunoni, kila kimoja sm 50 kwa sm 16. Kunja kila mguu katikati kwa urefu. Kunjo ndilo ubavu wa nje. Ukingo wa juu upunguze kwa mshazari, ili mbele iwe chini kwa sm 6 kuliko nyuma. Usipofanya hivyo, mkanda utashuka nyuma kila unapoinama.

Pima sm 38 kutoka juu ya ukingo wa mbele na uweke alama ya msamba. Chini ya alama ni mshono wa ndani wa mguu. Juu yake ni mshono wa katikati unaounganisha miguu miwili. Shona miguu, kisha ingiza mraba wa sm 18 pale mishono minne inapokutana, pembe moja mbele, moja nyuma, moja kwenye kila mguu. Kanuni ya kusimama sm 1.5 kabla ya pembe ni ileile. Mraba huu ndio utakaokuwezesha kuchuchumaa na kurusha mguu. Suruali nyingi za kununua hazina kitu hicho, na ndiyo sababu huachia.

Mbele acha sm 18 za juu bila kushona, weka upapi wa sm 5 ndani, na vifungo vitatu. Zipu usiweke, huonekana hata kwa mbali. Nyuma acha sm 8 wazi juu. Vuta kiuno kwa mikunjo, sehemu kubwa ikae nyuma na ubavuni ili tumbo lisivimbe. Shona vipande vya mkanda, vifungo viwili mbele. Nyuma toboa matundu mawili kila upande, uyazungushie uzi, upitishe kamba. Kamba hiyo hukuruhusu kulegeza baada ya kula na kukaza kabla ya kupanda jukwaani.

Jaribu kwa kuchuchumaa mpaka chini, kupanda kiti, na kupiga hatua moja ndefu sana. Ukisikia uzi ukilia, rudi kwenye mraba wa msamba.

## Hatua ya 5: Kizibao

Usikishone tangu mwanzo kama una haraka. Chukua koti kuukuu la sufu lisilo na mistari inayong'aa, ondoa kola na mikono, likate liishie nyongani, lizungushie kitambaa chembamba kwenye kingo. Vifungo viwe vidogo, vingi, vikaribiane. Mkataba wa mavazi wa jeshi la maji la Uingereza wa 1706 unataja vizibao vyekundu vyenye vifungo 18 vya shaba, na matundu yaliyoshonwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Vifungo vinne vikubwa vya koti la kisasa hufichua siri yote.

Si lazima matundu yote 18 yafanye kazi. Toboa sita ya katikati, mengine yachore kwa uzi tu.

Ukitaka kucheza nahodha, hapa ndipo pa kutumia fedha. Bartholomew Roberts, aliyeuawa 1722, anaelezwa siku hiyo akiwa na kizibao na suruali vya damaski (kitambaa chenye nakshi za kufumwa) nyekundu, unyoya mwekundu kofiani na mkufu wa dhahabu shingoni. Lakini nahodha ni mmoja. Kundi la maharamia kumi wote wakiwa manahodha halina meli.

## Hatua ya 6: Kichwa, shingo na miguu

Kichwa. Kwa mapigano na dansi, chagua kofia ya sufu ya kufuma iliyobana, au kitambaa kilichofungwa kisogoni. Kofia ya pembe tatu hutengenezwa kwa kofia nzito ya felti (sufu iliyogandamizwa) yenye ukingo wa sm 12. Ipitishe kwenye mvuke, inua ukingo pande tatu, ushikize kila upande kwa mishono miwili ya uzi mnene, uiache ikauke juu ya bakuli. Ndani shona utepe wa kupita kisogoni chini ya nywele. Bila utepe, mzunguko wa kwanza wa upanga utaitupa kwa watazamaji.

Shingo. Kunja kitambaa kwa mshazari, kizungushe, fungia mbele. Kinafyonza jasho na kulinda kola. Kisikaze: lazima vidole viwili vipite, hasa kama utaimba au kupaza sauti.

Miguu. Buti ndefu za mdomo mpana ni za wapanda farasi. Kwenye sitaha zingejaa maji, na jukwaani hunasa ngazi. Tumia viatu vifupi vyeusi vya ngozi vyenye ulimi mrefu, na bizimu juu yake. Nyayo za ngozi huteleza kwenye mbao, kwa hiyo gundisha mpira mwembamba chini, milimita 2 zinatosha, na uupitishe msasa kabla ya gundi. Soksi zifungwe kwa tepe chini ya goti, si juu. Juu hushuka na huzuia damu ukikaa.

Kiraka cha jicho kiache nyumbani. Jicho moja haliwezi kupima umbali vizuri, na jukwaa lina ngazi, kamba na panga za wenzako.

## Kwa wanawake

Bodisi ya kubana juu ya shati ni ubunifu wa siku hizi. Anne Bonny na Mary Read waliposhtakiwa Jamaika mnamo Novemba 1720, shahidi mmoja alieleza kuwa walivaa makoti ya kiume, suruali ndefu na vitambaa vilivyofungwa kichwani, kila mmoja akiwa na panga na bastola. Vipimo vya hapo juu vinafaa bila kubadilishwa, ila kata upana wa badani kwa kipimo cha kifua au nyonga, kilicho kikubwa.

## Hatua ya 7: Kuchakaza

Vazi jipya huonekana jipya. Chemsha lita 4 za maji na mifuko 10 ya chai, toa mifuko, tumbukiza shati lililolowa tayari kwa dakika 20, suuza. Likitumbukizwa likiwa kavu hutoka madoa yenye mipaka.

Kisha tumia msasa pale tu nguo inapochakaa yenyewe: magotini, makalioni, kingo za vikofi, mdomo wa mfuko. Kwa lami ya meli, punguza rangi ya akriliki ya kahawia iliyokolea kwa maji, upake kwa sponji karibu kavu mapajani, mahali baharia anapofutia mikono. Usikate matambara kwa mkasi. Baharia alijua kushika sindano; kiraka kilichoshonwa vizuri kinasadikika kuliko tundu.

## Hatua ya 8: Silaha

Waulize waandaaji kanuni zao kwanza, kwa maandishi, kabla ya kununua chochote. Matamasha mengine hukataa hata upanga wa mbao usiofungwa alani.

Kwa maonyesho ya kawaida upanga wa mpira mgumu au mbao unatosha. Ala ining'inie kwenye mkanda wa begani uliolala kifuani, upana wa sm 6 au zaidi. Mwembamba hukata bega. Rekebisha mpaka ncha ya ala ibaki juu ya kifundo cha mguu na ielekee nyuma kidogo. Ukigeuka haraka, shika mpini kwa mkono wa kushoto na uusukume chini karibu na mwili, la sivyo ala itamchapa aliye nyuma yako.

Bastola za kuigiza zining'inizwe kwa utepe wa hariri mabegani, kama Roberts anavyosimuliwa. Utepe uwe na mshono dhaifu unaokatika ukivutwa kwa nguvu. Usimlenge mtazamaji usoni, na njiani silaha zote ziwe ndani ya begi lililofungwa. Haramia Blackbeard husimuliwa akiwa na tambi (kamba za kuwashia moto) zinazowaka chini ya kofia. Hadithi hiyo isikutie tamaa. Kofia ya sufu na nywele havistahili jaribio.

## Siku ya onyesho

Vaa kwa mpangilio huu: shati, soksi na tepe zake, suruali, viatu, kitambaa cha shingo, kizibao, mkanda wa upanga, kofia. Kabla ya kufunga suruali, vuta pindo la mbele na la nyuma la shati lipite katikati ya mapaja. Ndivyo lilivyovaliwa enzi hizo, na ndiyo njia pekee ya kulizuia lisichomoke.

Kama utavalishwa kipaza sauti, shona kifuko ndani ya mkanda wa suruali, nyuma kidogo ya nyonga, kwa ajili ya kifaa chake. Ukikiweka katikati ya mgongo utakilalia utakapoanguka. Shanga, mikufu na bizimu ya mkanda viwe mbali na kipaza sauti. Kila hatua yako itasikika hadi nyuma.

Fanya mazoezi angalau mara mbili ukiwa na vazi kamili. Sufu juu ya kitani hubeba joto, hivyo vua kizibao na kofia kila unapotoka jukwaani, unywe maji kabla kiu haijaja. Ukihisi kichwa chepesi au jasho limekatika ghafla, vua na ukae kivulini. Onyesho litaendelea bila haramia mmoja.

Kwenye begi la dharura weka sindano mbili zilizotiwa uzi tayari, vifungo vitatu, pini sita za kufunga, tepe moja ya ziada ya soksi, na plasta za malengelenge.

## Baada ya onyesho

Tundika kila kitu usiku uleule. Shati na suruali fua kwa maji ya vuguvugu. Kizibao cha sufu usikifue: nyunyizia kwapani pombe kali isiyo na rangi iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, ukitundike penye upepo. Viatu vijaze karatasi kavu na uviweke mbali na jua, maana ngozi iliyolowa ikikaushwa haraka hupasuka. Kabla ya kuhifadhi, kagua pembe nne za kila kikwapa na za mraba wa msamba. Uzi uliolegea hapo ukazwe leo.